Difu Aliyoichagua Baba

Mwaka huu nimeshuka tena kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, na safari ikaisha kabla sijamaliza karanga zangu. Lami tupu, rafiki yangu. Abiria wenzangu walisinzia. Mimi sikuweza, kila kona nilitazama bondeni.

Nilipokuwa mtoto, dereva wa nyumba yetu alikuwa mama. Alikuwa na pikapu kuukuu iliyovuta tela. Alishusha mbao kwa mafundi wa mitumbwi kule ziwani, akarudi na usipa mkavu, na akiingia uani nyumba nzima ilinuka samaki na dizeli. Mjomba, mdogo wake wa mwisho, alikaa juu ya mzigo akiimba Kimatengo. Mimi na bibi mzaa mama tukichambua maharage tuliisikia pikapu ikikipanda kilima polepole, ikilalamika, na bibi husema, "Haya, injika maji ya ugali."

Siku moja difu ya nyuma, ile gia kubwa inayozungusha magurudumu, ikang'oka meno. Jirani yetu fundi akatafuta mbili za mtumba, akazilaza juu ya gunia.

"Shemeji," alimwambia baba, "hii ni ya taratibu. Gari halitakimbia, lakini litavuta, na kwenye mteremko injini italishika. Hii nyingine ina mbio. Gari likiwa tupu, utaipenda. Ukifunga tela, mzigo wote utaangukia breki."

Baba alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa mkoa wa mbali, na alikuwa amechoka kutambaa kila alipokwenda Songea.

"Funga yenye mbio."

"Anayeshuka na mbao ni mimi," mama alisema.

"Basi utapunguza mzigo."

Hakuupunguza. Wenye mbao hawakutaka kupakiwa nusu nusu, na magari mengine yalikuwepo.

Ilikuwa masika. Mama alisimulia mara moja tu: breki zilianza kunuka, kisha kanyagio likazama mpaka chini. Alipiga gia ndogo, gari likazidi kukimbia. Akaona heri aigongeshe pikapu kwenye ubavu wa mlima kuliko kuiacha iende bondeni. Pikapu ikasimama. Tela likapinduka, na mjomba alikuwa juu ya mbao.

Msibani hakuna aliyelitaja neno difu. Bibi aliendelea kumpakulia baba chakula, tena vipande vinono, ila hakumtazama tena usoni. Mama alimwita fundi, akafungiwa ile ya taratibu, akarudi barabarani akipitwa na kila mtu. Baba akaomba uhamisho.

Asubuhi ya kuondoka, mama alimbebea begi mpaka barabarani. Nilikuwa nyuma yao.

"Mbona mimi sijakulaumu hata siku moja?" alimwuliza.

"Ndiyo maana siwezi kukaa," baba akajibu.

Alizikwa kwao, kaburi lake hatujaliona. Bibi alitangulia, mama akafuata. Nyumba ina wenyewe wengine, na uani kwa fundi pameota migomba. Nikiwa mtoto nilidhani ukimya ule ulikuwa heshima. Siku hizi nawaza kwamba laiti mama angepiga kelele siku moja tu, akavunja hata sahani, pengine baba angelia, na pengine angebaki.