Kiganja cha Ambu Rumsih

Mwaka ule macho ya Ambu, yaani Mama, Rumsih yalipozimika kwa mtoto wa jicho, ghalani mwake mlikuwa mmesalia mganda mmoja tu wa mpunga mwekundu aliorithi kwa marehemu mama yake. Mingine yote ilikuwa imeozeshwa na unyevu, wala mbegu ile hakuwa nayo mtu mwingine hapa mlimani. Ikipandwa vibaya, ndiyo imekwisha duniani.

Mvua ikanyesha katikati ya kiangazi, siku nne mfululizo. Mkwewe, Sarkim, akaja mbio na mti wake wa kutobolea mashimo.

"Ambu, udongo umelowa! Tupande leo."

"Nyota imekuambia?"

"Nyota haili wali, Ambu. Majirani wameshapanda."

"Basi nenda ukawasaidie kulia."

Icoh, binti yake Ambu, akaangua kicheko. Sarkim, mumewe, akanuna. Nami, niliyesomesha dini kijijini hapa miaka arobaini, nikajitia kusuluhisha. "Ambu, rehema ya Mola ikishuka hupokewa."

"Naipokea, Shehe. Lakini hii inapita njia tu. Mbona viazi vya mwituni bado vimelala, havijachipua?"

Kila alfajiri, kabla ya adhana, Icoh alimtoa mama yake uani, akamwekea punje saba za mpunga kiganjani, kisha akaunyoosha mkono wa mama kuzielekea nyota tatu za safu, tuziitazo Kulungu, zinazofuata Kilimia. Nyota zikiwa chini, punje hutulia. Zikishapanda kiasi chake, mkono nao huinuka, punje zikateleza; hapo ndipo hupandwa.

"Zimetulia, Mama."

"Turudi ndani."

Mvua ilikatika siku ya tano. Haikupita nusu mwezi, miche ya majirani ikawa kama nyasi za kuezekea. Sarkim alikwenda kuitazama, akarudi, akaketi mlangoni kwa mama mkwe wake akishona kapu bovu.

Majuma yakapita. Alfajiri moja nilipokuwa nikielekea msikitini, nilimsikia Ambu akicheka kama msichana, nikausogelea uzio nikitoa salamu.

"Zinanitekenya! Icoh, zimeingia kwenye mkono wa nguo!"

Akainama, akapapasa chini ya uzio, vidole vyake vikasimama. Kiazi cha mwituni kilikuwa kimetoa ncha, laini, ingali na umande.

"Shehe, umekiona?"

Nikainama nikakitazama. Tangu ujana nimesoma vitabu vya falaki, nikapima daraja za nyota kwa kalamu; lakini sikuwa nimepata kuona mbingu ikimshukia mja hadi ndani ya nguo yake, na ardhi ikaitikia asubuhi ileile, wala kati yao hapana mjumbe. Subhanallah. Nikaushika uzio.

Siku ya tatu yake Sarkim alitoboa mashimo, Ambu akamfuata nyuma, akilitafuta kila shimo kwa kidole cha mguu na kudondosha punje tano. Usiku wa pili mvua ikaja, ikakaa.

Juma lilipotimia, Ambu alipiga magoti shambani, akapitisha kiganja mstari kwa mstari.

"Sarkim, mwanangu, shimo hili ulilichimba kama kaburi."

"Umejuaje, Ambu?"

"Wenzake wameshatoka, huyu ndiyo kwanza anagonga mlango."

Sarkim akachuchumaa kando yake na kuukwangua udongo kwa ukucha, taratibu. Chipukizi lilikuwapo, jekundu shinani, likichomoza.