Munyu wa Kukhu

Kidato cha kwanza kilinitia kiburi kibaya. Nilitoka shule ya bweni huko Kitale, nikafika likizo kwa Kukhu, nyanya yangu, kule Bumula, Bungoma, nikiwa najua kila kitu. Sufuria? Elementi. Chumvi ya duka? Kampaundi: vitu viwili vimeungana mpaka chujio haliwezi kuvitenganisha. Githeri? Mchanganyiko tu, hata kuku anautenga kwa mdomo.

Nyanya ndiye aliyepika mboga kwenye kila harusi na kila matanga pale kijijini, kwa sababu ya munyu wake. Alichoma maganda ya maharagwe, akatia majivu kwenye chungu chenye matundu, akamimina maji. Yale maji ya kahawia yaliyodondoka chini ndiyo yaliyolainisha kunde na mrenda.

"Huu ni mchanganyiko, Kukhu," nikamwambia. Tulikuwa wawili tu jikoni. "Maji na uchafu. Nitakutolea chumvi safi humo."

"Ati? Haya, mwalimu, toa."

Nikachemsha mpaka maji yakaisha, likabaki ganda jeupe. Jeupe, limetoka kwa maji, basi ni chumvi. Mjinga mimi! Kitabu changu kilikuwa na chumvi moja tu.

"Onja."

"Hii ni kali, mjukuu wangu. Sisi huweka matone tu."

"Si nimesoma? Ama unaogopa?"

Akajaza kijiko, akala, ili nisiaibike.

Ulimi wote ulichubuka. Majirani aliwaambia ni chai ya moto. Vidonda vilipona, lakini ladha haikurudi.

Likizo iliyofuata kulikuwa na matanga. Nyanya akapika, munyu ukazidi, waombolezaji wakatema mboga. Shangazi zangu wakamnyang'anya mwiko mbele ya watu wote.

"Mama amezeeka," wakasema.

Nyanya akanitazama, akingoja niseme.

"Amezeeka," nikasema.

Hakupikia watu tena. Alipewa kazi ya kuosha sahani.

Siku hizi nafundisha kemia hapa Kitale. Najua yale majivu yana kampaundi nyingine kabisa, inayochoma, na wanafunzi wangu nawakataza kuonja chochote. Nikienda Bumula nyanya hunipikia mrenda, mimi peke yangu, kisha anakaa kunitazama mdomo.

"Imekolea, mwalimu?"

Mboga inanikwaruza koo mpaka machozi yananitoka.

"Imekolea, Kukhu."

Basi ananiongezea.