Makabati Kabla ya Plasta

Siku yangu ya kwanza kazini, mkandarasi aliyeniajiri mjini Embu alinionyesha gunia la bawaba akaniambia nizihesabu. Nikahesabu, nikampelekea jibu. "Hesabu tena," akasema bila kuinua macho. Nikahesabu tena, jibu likawa lile lile. "Sasa wewe ni karani wa stoo." Ndivyo nilivyoipata kazi niliyoifanya hadi nywele zikabadilika rangi, pamoja na mazoea ambayo mume wangu huyalalamikia kila anaponiona nikihesabu viazi mara mbili kabla ya kuvimenya.

Ninyi mnaoanza ujenzi leo mna vifaa vinavyopima ukuta kwa mwanga. Vizuri. Lakini mwanga haujui kabati litafika lini. Nyumba hujengwa kwa foleni: msingi, ukuta, paa, plasta, vigae, kabati, rangi ya mwisho. Anayechelewa huwasimamisha wote walio nyuma yake. Na kabati halitengenezwi kwenye mjengo. Linatengenezwa katika karakana ya mtu mwenye wateja wengine, naye huwapa wote jibu moja: "Wiki mbili, mama."

Maana ya wiki mbili nilifundishwa kijijini Kibugu, tulipomjengea nyumba mkulima wa chai. Tulingoja plasta ikauke, kama ilivyo desturi, ndipo tukapima jikoni na kuagiza. Fundi alisema wiki mbili. Bodi zenyewe zilikuwa bado Nairobi. Zilipofika ilikuwa Julai, na ukungu umekaa juu ya majani ya chai kama mgeni asiyejua kuaga. Vanishi ikagoma kukauka. Wiki mbili zikazaa miezi mitatu. Mafundi wa rangi wakaenda kutafuta riziki kwingine. Mkulima na mkewe wakahamia hivyo hivyo, wakawa wanapikia nje chini ya turubai, na kila tulipokutana sokoni mume alinisalimu kwa heshima ya kutisha: "Karani, zile kabati hazijambo?"

Tangu hapo niliacha kumuuliza fundi "lini". Nikawa nauliza, "Mbao ziko wapi saa hii?" Akinionyesha mbao, nazihesabu. Akinionyesha barabara, naongeza wiki.

Nilipohamishiwa Meru, nilikuta tunajenga hosteli ya wanafunzi wa chuo huko Nchiru: vyumba arobaini, kila kimoja na jiko lake dogo lililobanwa kati ya kuta mbili. Mwenye hosteli alikuwa muuguzi mstaafu, na kiinua mgongo chake chote kilikuwa pale. Alikuwa amewaahidi wazazi kwamba vyumba vitakuwa tayari siku ya kufungua chuo. Mwanafunzi hangoji. Akikuta mlango umefungwa anahamia ploti ya jirani, na mwaka mzima umekwenda.

Nikapiga hesabu ya siku. Tukifuata desturi, makabati yangefika wakati wanafunzi wameshazoea kwa jirani. Nikamwendea msimamizi wa mjengo.

"Tuagize leo."

"Leo? Ukuta hauna plasta, Mama Kendi. Utapima nini?"

"Sipimi ukuta. Tunaamua upana wa kabati, ukuta utafuata."

"Tangu lini kabati likashonewa nyumba?"

"Tangu Kibugu."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Yakikosa kuingia, utaenda nayo nyumbani, moja moja, mgongoni. Na usirudi."

"Yote arobaini?"

"Yote."

"Basi weka sahihi."

Nikateremka mtaa wa Majengo kwa Fundi Rashidi, seremala ambaye karakana yake iko karibu na msikiti.

"Wiki mbili, Mama Kendi."

"Mbao ziko wapi saa hii?"

"Zinakuja."

"Basi ni wiki kumi. Sema kumi tuwe marafiki."

"Nane."

"Kumi."

"Mama, mimi nakupa mapema, wewe unakataa?"

"Nakataa. Nipe siku unayoweza kuiapia."

Akakuna ndevu. "Tisa, wallahi."

Tukakata fimbo mbili zenye upana wa kabati na kidole kimoja cha kupumulia. Moja ilibaki kwake, nyingine nikaenda nayo. Hakuna fundi wa plasta aliyeondoka chumbani kabla fimbo haijapita kati ya kuta mbili, kutoka sakafuni hadi juu. Vyumba vyote arobaini nilivipitia mara mbili. Wakanibandika jina la Mama Fimbo.

Lori lilifika wiki ya tisa, Ijumaa baada ya swala. Chuo kilikuwa kinafunguliwa Jumatatu. Muuguzi alikaa juu ya mfuko wa simiti, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Kabati la kwanza likasukumwa. Likakwama.

Nikachukua fimbo. Nayo haikupita. Ndipo nikaona: vigae. Baada ya ukaguzi wangu, fundi wa vigae alikuwa amevibandika pande zote mbili, na unene wake nilikuwa sikuuhesabu. Nilikuwa nimehesabu kosa lile lile mara mbili. Msimamizi alinitazama mgongo tu.

Rashidi, aliyekuja na lori, akachomoa bisibisi mfukoni. Kila kabati lilikuwa na kipande chembamba cha ubao kila upande, nilichodhani ni pambo. Havikuwa vimegundishwa, vilifungwa kwa skrubu. Akavifungua, akasukuma kwa goti. Kabati likaingia, ndi.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Marehemu baba alikuwa fundi wa vigae, Mungu amrehemu. Nawajua. Hawajawahi kumuuliza mtu kitu."

Muuguzi akasema asante Yesu, Rashidi akasema alhamdulillahi, nami nikarudi kwenye lori kuhesabu yaliyobaki. Hadi Jumapili jioni yote arobaini yalikuwa yamesimama. Jumatatu nilimwona msichana mmoja akifungua kabati, akatia unga na sufuria, akalifunga huku akiendelea kuongea na simu. Hakulitazama. Katika kazi yetu, hiyo ndiyo sifa.

Nilistaafu baada ya mjengo huo. Vijana wakinipigia kuuliza siri, nawaambia: agizeni mapema, mkubaliane siku ya kweli hata kama ni mbali, na mpitishe fimbo baada ya vigae. Wengi wananishukuru na kwenda kungoja plasta ikauke.

Kila chuo kikifungua, muuguzi hunipigia. Haongei mengi. "Wamejaa, karani," anasema, nasi tunacheka. Kisha narudi kwenye kikombe changu cha chai, naimaliza ingali moto.