Kuta Zisizofika Juu

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja alinikabidhi funguo sita na onyo moja.

Parokia ya Ifakara ilikuwa imejenga kanisa kubwa zaidi, na mfanyabiashara mmoja akalinunua lile la zamani alifanye hoteli. Aligawa vyumba sita kwa kuta za mbao zilizopita kimo cha mtu kidogo tu, maana paa lilikuwa juu mno. Sakristia, chumba walichovalia mapadre, ikawa stoo ya mashuka. Jengo lilijengwa ili nyimbo zienee, kwa hiyo hata chafya ilienea.

"Utasikia mengi humu," Meneja alisema. "Ukitoa neno chumba hiki ukalipeleka kile, huna kazi."

Nikajifunza kutandika, kuchomeka chandarua chini ya godoro, na kuwahisha maji ya kunawia.

Masika moja mvua ilikata barabara ya Mlimba, wageni wakakwama siku nne. Asubuhi ya pili nilimpelekea maji mzee wa namba tano, mkulima wa Uchindile aliyekuja kutibiwa macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani huyo anayekohoa namba mbili?"

"Siruhusiwi kusema, mzee."

"Nijibu hili tu. Ametoka Mchombe?"

Aliacha kunawa, akageuzia ukuta sikio. Mimi nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na kazi niliihitaji. Hata hivyo nikasema, "Ndiyo."

Mzee akainua uso, akapaza sauti kupita juu ya ukuta. "Kaka, bado unakohoa kama baba."

Kisha sauti ikatoka namba mbili: "Na wewe bado unapiga kelele kabla ya chai."

Vyumba vyote vikacheka. Walikuwa ndugu wa tumbo moja, hawajasemezana miaka kumi na miwili, tangu walipogombea shamba la mpunga la baba yao.

Nikawaandalia chai meza moja. Meneja akaniita pembeni.

"Nani amewakutanisha?"

"Mimi, Meneja."

Akawatazama. Yule mkubwa alikuwa akimtilia mdogo wake sukari, kwa kuwa macho ya mdogo hayakuona vizuri.

"Wapelekee na vitumbua," akasema. "Halafu urudi kwenye mashuka."

Baadaye nilihudumu Mahenge, kisha Morogoro, nikastaafu nikiwa mkuu wa wahudumu. Sasa naishi Lipangalala. Vijana wa kazi hii wakija kuniuliza, nawaambia wafunge midomo kuhusu mambo ya wageni. Nami nilifunga wangu miaka yote, isipokuwa asubuhi ile, na siijutii.