Jina Lililokunjwa Mara Nne

Bibi yangu alifiwa na mama yake akiwa na miaka mitatu, kule Unguja. Jina la Zuwena analijua. Binti nani, wa ukoo gani, hajui. Kila alipomuuliza kakaye, marehemu Babu Sefu, alijibiwa, "Mama ni mama." Wanaume wetu wanaona haya kutaja mama zao mbele za watu. Mwaka huu Bibi akasema hataki kufa kabla ya kuwaamkia watu wa kwa mama yake. Basi tukaondoka Nizwa, kwetu hapa Omani, mimi na yeye na birika la kahawa.

Saa moja asubuhi tukapita Izki, tukanunua mikate. Tulipofika Sinaw, mbuzi wa mnadani wakatuzibia njia, nami nikaota mchana kweupe: wajomba hamsini wanatungoja na halua.

"Tazama njia," Bibi akasema. "Tufike wazima kwanza."

Saa nne, Ibra, ofisi ya ahwali, wanakoandika vizazi na vifo. Hapo ndipo Babu Sefu alipojiandikisha aliporudi kutoka Unguja. Karani, mzaliwa wa Bujumbura, akataka kuhakikisha ujamaa wetu. Akaniuliza jina la mama yangu.

Nikaitazama foleni, nikainama, nikamnong'oneza.

"Mwone," Bibi akasema. "Utadhani kaiba."

Faili likaja. Penye jina la mama pameandikwa: tazama karatasi. Karatasi imekunjwa mara nne, pini ishaota kutu.

"Mwenzangu wa zamani hakujua Kiswahili, Bibi," karani akasema. " Kaiacha ilivyo."

Bibi akaikunjua. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa kakaye. Akasoma kimya, akanionyesha: *Mama yangu ni Zuwena binti Hamed Sumriya, wa Dima. Tafadhali lisitajwe kwa sauti.*

Bibi akacheka mpaka akatoa machozi. "Nisamehe, kaka yangu," akasema, kisha akalisoma jina zima, ofisi nzima ikasikia. Wanaume wakatazama viatu vyao.

Mmoja tu akainua kichwa. "Sumriya wa Dima? Ndio ukoo wa mama yangu."

"Anaitwa nani mama yako, mwanangu?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Bibi, njoo nikwambie nje."

Huko nje akampigia simu mama yake mwenyewe. Bibi akaishika kwa mikono miwili, akaamkia, akaamkiwa. Tumealikwa Ijumaa.

Jioni, njiani kurudi Nizwa, Bibi alilala na nakala ya karatasi ile kifuani. Juzi zahanati wakaniuliza jina la mama. Nikalitaja kwa sauti, na la baba yake, na ukoo. Huwezi kujua nani yuko kwenye foleni.