Namba Iliyowaka Siku ya Ubatizo

Mzee wa kanisa aliyeleta ile kompyuta mpya sijamsamehe, na watu wa hapa kwetu Makandana wanaoniambia nimsamehe wananichosha.

Kanisani kwetu tulikuwa na ubao wa taa ulioonyesha namba za nyimbo. Niliuunda mwenyewe, mimi fundi redio, soko huria lilipoanza kupandisha kompyuta za mitumba hadi Tukuyu. Kompyuta kuukuu iliuendesha kupitia tundu lake pana la printa. Wengine waliuona pambo tu. Mama yangu aliuhitaji. Kwinini, ile dawa ya malaria, ilikuwa imemla masikio, mahubiri hayasikii tena, kilichombakia ni kuimba. Nyimbo alizijua tangu usichana. Aliketi benchi la mbele, akasoma namba, akafungua kitabu, akaimba.

Basi mzee akaleta kompyuta yenye matundu ya USB peke yake, ile kuukuu akaigawa bila kuniuliza. Kisha akanunua Mbeya waya wenye USB upande mmoja na kichwa kipana cha printa upande wa pili. Nilimweleza kwamba waya ule unajua printa tu. Kompyuta itadhani ubao ni printa, itaupelekea maneno ya printa, nao utayageuza kuwa namba za ovyo. Nikaomba tuandike namba kwa chaki mpaka nipate dawa. Akajibu kwamba kanisa si kilabu cha pombe, na fundi redio asimfundishe kompyuta. Kutojua si kosa. Kutojua kwa kiburi ndiko kunakonitia kichefuchefu.

Jumapili ya ubatizo akauwasha. Taa zilipowaka akatabasamu, kwake hiyo ilitosha. Mchungaji akataja wimbo mmoja kwa mdomo, ubao ukaonyesha mwingine. Mama aliuamini ubao. Akasimama na kuimba wimbo wa mazishi kwa sauti yake yote, watoto wachanga wamebebwa mbele yake. Kwaya ikashindwa kuendelea kwa kicheko. Mabenchi yote yakacheka, na mzee alicheka kuliko wote. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye kompyuta. Nikakimbilia waya, nikaung'oa.

Baadaye nilipata Mbeya sakiti ndogo yenye chipu inayopokea USB na kuwasha taa moja moja ninavyotaka. Nikaifunga kati ya kompyuta na ubao, namba zikarudi sawasawa. Mzee alisimama mbele ya waumini akajisifu kwamba amefanikisha kazi. Nafasi ya mama ilikuwa tupu.

Nilimkuta nyumbani anamenya ndizi. Nikamwambia sikioni, karibu nipasue koo, kwamba ubao umepona, Jumapili aje. Alimaliza kwanza ndizi aliyoishika.

"Gwe mwanangu, ubao sina ugomvi nao," akasema. "Niliimba hadi ubeti wa pili. Kanisa zima lina macho, na wewe unayo. Hakuna aliyekuja kunigusa bega."