Mkono Mkiani

Watu wa uwanjani wanamwita Mama Mkia, na wengi wao wanadhani ni utani tu. Kwangu ni shemeji, mke wa kaka yangu. Nitakusimulia jina hilo lilikotoka, ingawa nikilisimulia damu hunichemka hata leo.

Kaka alikuwa fundi umeme siku za kazi, na Jumamosi alikuwa rubani wa glaida, zile ndege zisizo na injini zinazovutwa juu kwa kamba ya winchi, mashine ya kuvutia, kisha zikaachwa zielee na upepo. Glaida hulala kwenye trela ikiwa vipande, mabawa huku, mkia kule, na kila ukitaka kuruka unaiunga upya. Siku ile kaka alikuwa ameinama mkiani anaunga kile kibawa cha nyuma kinachoinua na kushusha pua ya ndege. Mwenyekiti wa klabu akamwita aje apigwe picha na wageni. Mwenyekiti akiita, humwambii ngoja. Kaka akaenda, akatabasamu, akarudi, akakuta kibawa kimekaa mahali pake, akadhani amemaliza. Hakuwa amemaliza: pini ya kukifunga ilikuwa haijaingia tunduni. Mwendesha winchi nilikuwa mimi; nikamvuta juu kwa mkono wangu mwenyewe, na nikamwona akianguka.

Tangu hapo kaka ni mtu wa kiti cha magurudumu. Kitanda chao kimehamia sebuleni kwa sababu kiti hakikati kona ya korido. Shemeji humnyoa ndevu kila asubuhi, humgeuza, humvalisha, ndipo aende karakana, maana yeye ni fundi wa kushona viti vya magari. Mwenyekiti alikuja kumjulia hali mara moja tu, akakaa ukingoni mwa kochi kama anayeogopa kuchafuka. Kisha akaenda mkutanoni akasema ajali ilitokana na uzembe wa rubani.

Shemeji alikuwemo ukumbini. Akasimama, akaomba iwe sheria: glaida ikishaungwa, mtu wa pili aikague na kutia saini, ndipo iruke.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema.

Mwenyekiti akacheka. "Mama, hapa kuna marubani, hakuna chawa. Asiyejiamini abaki nyumbani na mkewe."

Ukumbi ukaangua kicheko, na walijua fika ni nani aliyebaki nyumbani na mkewe. Shemeji hakulia. Aliwatazama waliocheka, mmoja baada ya mwingine, akaketi. Nje nikamwambia nakwenda kumvunja yule bwana taya.

"Acha," akasema. "Taya linapona."

Akajiunga na klabu. Kila Jumamosi alikuja, vidole vikinuka gundi ya karakana, akajifunza kuunga kila glaida iliyokuwamo bandani. Akawa anamwendea rubani mmoja mmoja na lile ombi lake, huku watu wakimkwepa kama mdai. Si kwamba waliompinga wote walikuwa wajinga. Rubani mmoja mkongwe alimwambia, "Mwanangu, wakikagua wawili, hakuna aliyekagua. Wa kwanza anamtegemea wa pili, wa pili anamwamini wa kwanza."

"Kweli, baba," shemeji akajibu. "Ndiyo maana wa pili asitumie macho. Atumie mkono."

Maana kibawa kisichofungwa ni mwongo mkubwa. Rubani akivuta usukani, chuma cha ndani hukisukuma kikapanda, akiuachia, uzito wake hukishusha, nawe unayetazama unaona kila kitu kiko sawa. Lakini mmoja akikaa ndani akavuta, na mwingine nje akakishika kwa nguvu, uongo unaishia hapo: kikiwa kimefungwa, mkono unasikia mvuto; kisipofungwa, chuma kinateleza na usukani unakuja bure. Yule mkongwe alikijaribu mwenyewe, na kura zilipopigwa akawa wa kwanza kuinua mkono. Sheria ikapita, na kwa kushika mikia kila Jumamosi shemeji akabandikwa jina la Mama Mkia. Mwenyekiti aliimeza kama dawa chungu, na kila alipotaka kuruka alimtafuta mpwa wake, ambaye alitia saini akiwa kantini na soda mkononi. Shemeji alimwona, akampita. Mimi namjua: alikuwa amemweka Mwenyekiti kiporo.

Jumamosi moja mpwa alikuwa kitandani na mafua. Mwenyekiti alikuwa na glaida mpya na wageni wengi, akaiunga huku akiongea kwenye simu.

"Mama Mkia! Njoo utie saini, watu wananisubiri."

Nilikuwa nimeleta kamba. Shemeji akainama kwenye kile kidirisha kidogo cha mkiani, nami nikachungulia naye. Pini haikuingia. Ilikuwa imelala pembeni ya tundu lake, vilevile kama ya kaka.

Nikamnong'oneza, "Tia saini, shemeji."

Nilisema hivyo, na siyarudishi maneno yangu. Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Kisha akamwambia Mwenyekiti akae ndani, avute usukani. Kibawa kikapanda, kikashuka vizuri kabisa. Wageni wakapiga makofi.

"Umeridhika?" Mwenyekiti akauliza.

Shemeji akakishika kibawa kwa mikono miwili. "Vuta tena."

Usukani ukamjia Mwenyekiti mpaka tumboni. Kibawa hakikutikisika.

"Unavuta?"

"Navuta, mama!"

"Mbona huku sisikii kitu?"

Akauvuta tena, na tena, kisha akaelewa. Akaanza kuhangaika na mikanda.

"Usitoke. Waambie wageni wako nani alimwita mume wangu akapigwe picha."

"Tutaongea baadaye, mama..."

"Sasa hivi."

"Ni mimi," akasema chini chini.

"Hawasikii."

"Nilimwita mimi!"

Nilifurahi, tena sana. Yule mkongwe alivua kofia.

Jioni Mwenyekiti alikuja nyumbani bila kuitwa, akakaa mbele ya kaka, akayarudia yote. Kaka, mtu asiyejua kuweka kinyongo, akampigapiga goti. "Mimi nilikusamehe zamani, bwana. Kukiunga kile kibawa ilikuwa kazi yangu."

Mwenyekiti akalia. Akainuka, akamnyooshea shemeji mkono. "Na wewe unisamehe, mama. Leo ungeweza kuniacha nife."

Shemeji alikuwa anamrekebishia kaka mto mgongoni. Hakuupokea ule mkono.

"Ufe upumzike?" akasema. "Yeye amekusamehe, hiyo ni yake. Mimi sijakusamehe, na sitakusamehe. Nakutaka hai, mzima, miaka mingi. Na kila utakapotaka kuruka, uje kwangu mimi, uniombe nikukague. Utakaa humo ndani umefungwa mikanda, hunioni, unasubiri niseme."

Akamfungulia mlango.